Tununue Mtambo wa Kuchunga Pumzi ya Mtoto?

Yafuatayo ni mazungumzo ya mkunga mstaafu, aliyoyatoa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali waliokutana Buguruni, Dar es Salaam, kuzungumzia afya ya mama na mtoto.



Mliponialika mlinitaka nizungumzie malezi ya mtoto mchanga kwa jumla. Naomba radhi, kwani hiyo jumla sitaigusa. Nitazungumzia swali moja tu, nililoletewa nyumbani kwangu na mwalimu mmoja pamoja na mumewe, wapangaji wa chumba na sebule hapa hapa Buguruni. Wameniruhusu nilisimulie, ila majina yao yabaki kwao wenyewe.

Mtoto wao wa kwanza, binti, alizaliwa mimba ikiwa na majuma 33, akiwa na uzito wa gramu 1,750. Alilazwa katika wodi ya njiti siku 24. Katika wodi hiyo alifungwa mguuni waya wa mashine iliyokuwa ikilia usiku na mchana, na kila ilipobadili mlio muuguzi alikuja. Mama mtu alipofika mara ya kwanza aliuchukia mlio ule. Alipotoka akawa hawezi kulala bila huo. Usiku wa kwanza nyumbani, chumba kikiwa kimya, aliwasha tochi ya simu kila baada ya muda mfupi kumulika kifua cha mwanawe. Safari moja aliona pumzi imesimama. Akahesabu moja, mbili, tatu, hata saba. Kisha mtoto akavuta pumzi za harakaharaka, akaendelea na usingizi wake. Mama hakuendelea na wake.

Mumewe ni mtumishi wa Serikali, kituo chake cha kazi kiko Mtwara. Alipopewa habari hizo kwa simu akaingiwa na hofu, na mtu mwenye hofu hutafuta la kufanya. Akampata mfanyabiashara wa Kariakoo awezaye kumwagizia soksi ya mtoto kutoka ng'ambo. Soksi hiyo ina taa ndani yake. Huvishwa mguuni, husoma mapigo ya moyo na kiasi cha oksijeni katika damu, na ikiona hitilafu hupiga kengele katika simu. Baba angeweza kumtazama mwanawe akiwa Mtwara. Bei yake karibu dola 300 za Marekani. Kwa fedha zetu, hiyo inapita kwa mbali kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma, ambacho tangu Julai 2025 ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Fomu ya mkopo wa SACCOS ilikwisha kujazwa. Wakaja kwangu, wakanisalimu, wakaketi, wakauliza: Mama, tununue ama tusinunue?

Kabla ya kuwajibu niliwaambia kwamba hofu yao si ya kipuuzi. Hesabu za afya za nchi yetu zinaipa haki. Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua hadi 43 katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, kutoka 67 vilivyohesabiwa mwaka 2015-16. Hayo ni mafanikio makubwa, na kila aliyebeba chanjo kwa baiskeli ana sehemu yake. Lakini katika muda uo huo vifo vya siku 28 za kwanza vilitoka 25 vikafika 24 tu. Mwezi wa kwanza umekuwa kama jiwe lisilotaka kusogea. Wanaokufa humo hufa zaidi kwa mambo matatu: kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizo. Basi mzazi wa njiti asiambiwe kwamba anajitia hofu bure.

Swali ni kama soksi ile inashika hata jambo moja katika hayo matatu.

Tuanze na pumzi yenyewe. Mtoto mchanga hapumui kama mimi na wewe. Kwa kawaida huvuta pumzi kati ya 40 na 60 kwa dakika, na huzivuta kwa mafungu: atapumua haraka, atatua sekunde tano, hata kumi, kisha ataanza tena. Njiti hufanya hivyo zaidi. Hiyo ndiyo saba aliyoihesabu yule mwalimu. Kutua kunakotutisha sisi wakunga ni kule kunakopita sekunde 20, au kufupi zaidi lakini mtoto akageuka rangi kuwa wa buluu midomoni, au akalegea. Njiti huweza kupatwa na hali hiyo kwa kuwa sehemu ya ubongo iamrishayo pumzi haijakomaa. Wodini hupewa dawa ya kafeini, ndugu wa ile iliyomo katika kahawa yenu, nayo huuamsha ubongo mpaka ukomae wenyewe. Wala haruhusiwi kurudi nyumbani mpaka ametulia.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, kwa sababu biashara ya kuchunga pumzi nyumbani ina historia ambayo yapasa mzazi aijue kabla ya kutia saini fomu ya mkopo.

Mwaka 1972 daktari wa Marekani aitwaye Alfred Steinschneider alichapisha makala katika jarida la madaktari wa watoto. Alieleza habari za watoto wachache, wawili kati yao wakiwa ndugu wa familia moja ya jimbo la New York, waliokuwa wakilazwa na kupimwa pumzi, wakarudi nyumbani, wakafa ghafla. Ndugu zao watatu walikuwa wamekufa kabla yao. Daktari akahitimisha kwamba kusimama kwa pumzi usingizini ndiko kunakotangulia vifo vya ghafla vya watoto wachanga, na kwamba mtoto akichungwa kwa mtambo ataokolewa. Wazazi waliokuwa na majonzi walilipokea neno hilo kama watu wa jangwani wanavyopokea maji. Viwanda vikatengeneza mitambo, nayo ikaingia katika maelfu ya nyumba.

Miaka mingi baadaye mwendesha mashtaka aliisoma makala ile kwa jicho la kazi yake. Mwaka 1995 mama wa watoto wale alitiwa hatiani kwa kuwaua wote watano. Pumzi zao hazikusimama zenyewe. Na jambo ambalo mimi, kama muuguzi, siwezi kulipita kimya ni hili: wauguzi wa hospitali ile walikuwa na wasiwasi na mama huyo tangu zamani zile, kwa jinsi alivyokuwa akimtazama mtoto. Walisema. Hawakusikilizwa, kwa kuwa daktari alikuwa na grafu.

Lakini tusiseme kwamba dhana iliangushwa na kesi ya mahakamani. Iliangushwa na hesabu. Mwaka 1986 jopo la wataalamu walioitishwa na taasisi za afya za Serikali ya Marekani lilikuwa limekwisha kusema kwamba mtoto mzima hahitaji mtambo huo. Mwaka 2001 ukatoka utafiti uliowafuatilia watoto 1,079 nyumbani kwao, wazima na njiti, kwa mitambo yenye kurekodi. Ikaonekana kwamba kati ya watoto wazima waliozaliwa kwa wakati, asilimia 43 walipatwa angalau mara moja na tukio la aina ile ambayo mtambo ungeipigia kengele. Karibu nusu! Tena ikaonekana kwamba yale matukio makali ya njiti hupungua mpaka kulingana na ya watoto wengine yapatapo majuma 43 kwa kuhesabu tangu mimba, ilhali vifo vya ghafla huwa vingi mtoto akiwa na umri wa miezi miwili hadi minne. Maana yake ni kwamba mambo haya mawili hayafuatani, na anayelichunga moja hajalizuia jingine. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kimewashauri wazazi wasiutegemee mtambo wa nyumbani kwa kuzuia vifo hivyo, na mwaka 2022 kilikariri ushauri huo.

Kilichopunguza vifo hivyo hakikuhitaji betri. Kuanzia mwaka 1991 huko New Zealand na Uingereza, na mwaka 1994 Marekani, wazazi waliambiwa wamlaze mtoto chali, wala si kifudifudi. Katika miaka isiyofika kumi vifo vya ghafla vikapungua kwa zaidi ya nusu. Nawaona bibi wawili pale nyuma wanatikisa kichwa, ati mtoto akilala chali atapaliwa na maziwa. Bibi zangu, hatapaliwa. Akiwa chali njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula. Akicheua, maziwa hurudi chini. Tutalizungumza baadaye tukinywa chai.

Turudi kwenye soksi. Mtambo wa siku hizi si ule wa 1972, na haki itendeke: umeendelea sana. Kampuni iliyo mashuhuri kwa soksi hizo, Owlet ya Marekani, mwaka 2021 ilionywa na mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya nchi yake kwa kuuza bila kibali; mwaka 2023 ikapewa kibali. Lakini someni kibali chenyewe kinamhusu nani: mtoto mwenye afya, wa mwezi mmoja hadi miezi 18. Mchanga wa siku kumi hamo. Anayeugua hamo. Kwa hiyo soksi hiyo imeruhusiwa kwa mtoto ambaye hana haja nayo, na huyu wetu aliyetia hofu nyumba nzima, siku ile wazazi wake walipokuja kwangu, hakuwa ametimiza mwezi. Soksi za makampuni mengine ndizo za kuulizwa zaidi. Mwaka 2018 madaktari wa Philadelphia walizijaribu za aina mbili kwa watoto 30. Aina moja haikugundua hata mara moja kwamba oksijeni imepungua.

Kuna mambo mengine mawili ambayo mfanyabiashara wa Kariakoo hatawaambia, pengine kwa kuwa naye hayajui.

La kwanza ni rangi yetu. Chombo hiki husoma damu kwa kupitisha mwanga katika ngozi. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi, watu wazima, vyombo vya aina hii vilishindwa kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Vilisema salama pasipo salama.

La pili ni mkaa, na hapo naomba mnisikilize vizuri. Mvua za masika zinapopiga, na Msimbazi unapofura, mpangaji wa Buguruni huingiza jiko ndani, naye hufunga dirisha. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Hewa hiyo huishika damu mahali pale pale inaposhikwa na oksijeni, na kwa mwanga wa chombo cha kawaida damu ya namna hiyo inafanana na damu yenye oksijeni tele. Mtoto atakuwa anakufa, na simu ya baba yake kule Mtwara itaonyesha 98 kwa mia. Jiko likitolewa nje, hatari hiyo imekwisha, bila mkopo.

Wajukuu zangu husema bibi ana chuki na mashine. Sivyo. Mwaka 2025 zilichapishwa habari za mpango wa uzazi salama uliofanyika katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Humo kulikuwa na chombo kiitwacho Moyo, kinachofungwa tumboni mwa mama aliye katika uchungu kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 40. Lakini Moyo hakuachwa peke yake. Kando yake alikuwapo mkunga aliyekuwa akifanya mazoezi tena na tena kwa mwanasesere, kumpa hewa mtoto aliyezaliwa bila kulia. Kengele iliita, na mkono ukaja.

Katika hospitali moja niliyofanyia kazi zamani, ambayo sitaitaja, kulikuwa na mashine iliyolia mno hata mtu akaiziba spika yake kwa pamba. Sikumjua ni nani, na Mungu anisamehe, sikuitoa ile pamba mpaka asubuhi. Tulikuwa wawili kwa watoto wengi. Mtoto yule hakupatwa na neno. Nimeikumbuka pamba ile kila mara mtu aliponiambia kwamba mashine haichoki, kwani mashine kweli haichoki, anayechoka ni anayeisikiliza. Sasa mfikirieni mama mmoja, peke yake, usiku wa nne hajalala, simu ikimlilia kwa kuwa soksi imevuka kisigino.

Kwa njiti tunacho cha kufanya, nacho kimepimwa hapa hapa kwetu. Madaktari wa Bogotá, Colombia, walianza mwaka 1978 kuwafunga njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa uhaba wa mashine za kuwatia joto. Tunaiita huduma ya kangaruu. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika katika nchi tano, yetu ikiwa mojawapo na hospitali yetu ya Muhimbili ikishiriki, ulilinganisha watoto waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa na wale waliongojea mpaka watulie. Wa kwanza walikufa 12 katika kila 100, wa pili karibu 16. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Kifua cha mama hutoa joto, hukaribisha ziwa, na hukumbusha pumzi: mtoto anayetua hushtuliwa na kifua kinachopanda na kushuka chini yake.

Hapa Buguruni tunayo shule ya watoto viziwi. Nilipata kumzalisha mama kiziwi. Muuguzi kijana akaniuliza kwa sauti ya chini (kana kwamba mama angesikia!) atajuaje mtoto akilia usiku? Nikampeleka kitandani. Mama alikuwa amelala, kiganja chake kiko juu ya kifua cha mwanawe. Mtoto alipojinyoosha, mama akafumbua macho kabla sisi hatujasikia kitu.

Lakini kifua kinahitaji mwenye kifua awepo, na hapo ndipo suala linapowahusu ninyi maofisa utumishi na walimu wakuu. Mei Mosi ya mwaka 2024, mjini Arusha, Serikali ilitangaza kwamba mama mtumishi anayejifungua njiti aongezewe muda mpaka majuma 40 ya mimba yatimie, ndipo likizo yake ya uzazi ianze kuhesabiwa. Na baba wa njiti apewe siku 7 badala ya 3. Mwaka 2025 sheria za kazi zikarekebishwa. Kwa mtoto wa majuma 33 hayo ni majuma saba ya kifua, na hakuna soksi duniani inayoweza kuyanunua. Yule mwalimu hakuwa na habari hiyo. Mkuu wake wa shule hakuwa na habari hiyo. Alikuwa akihesabu siku 84 tangu siku ya kujifungua, na nusu ya hofu yake ilikuwa kwamba atarudi darasani mtoto akiwa bado mdogo kama paka. Barua ya kumwombea muda huo tuliiandika siku ile ile, mezani pangu.

Basi jibu langu kwao lilikuwa: msinunue. Kama daktari wa kliniki yenu angewapa chombo kwa sababu ya ugonjwa anaoujua, na akawafundisha la kufanya kikilia, ningesema kitumieni. Hakuwapa. Fedha hiyo, au hata robo yake, impatie bibi nauli ya kutoka Kisarawe na posho ya kukaa miezi miwili, inunue kipimajoto, na impe mama chakula. Mtoto akiwa kifuani, mama aketi ameegemea, uso wa mtoto uonekane, kichwa kimegeuzwa upande. Mama akishikwa na usingizi mzito, bibi apokee kifua. Hata baba, katika zile siku zake 7, anacho kifua. Mtoto akilazwa, alazwe chali, kwenye kigodoro chake kando ya mama, ndani ya chandarua, bila mto wala blanketi la kufunika uso. Mtu asisinzie naye kwenye kochi. Mwenye kuvuta sigara akavutie mbali.

Na wahesabu. Mwalimu ana saa. Mtoto akiwa ametulia, aangaliwe tumbo likipanda na kushuka dakika nzima, si nusu dakika mara mbili, kwa kuwa yale mafungu ya pumzi yatamdanganya. Zikifika 60, ahesabu tena. Zikiwa 60 ama zaidi mara ya pili, waondoke. Waondoke pia mbavu zikibonyea kwa nguvu akivuta hewa, akikataa ziwa, akipata degedege, akiwa na joto la 37.5 au kupita, au akiwa baridi chini ya 35.5, au akiwa halegezi jicho wala kuchezesha kiungo mpaka aguswe. Mtoto akitua pumzi kupita kiasi, asitikiswe. Asuguliwe nyayo na mgongo, huku mtu mwingine akitafuta gari. Kumpulizia hewa kinywani na puani waje nifundishe kwa mwanasesere, kwani kwa maneno sitaweza.

Juzi mwalimu alinipigia simu saa kumi za alfajiri. Nilishika simu mkono ukitetemeka. Alitaka kuniambia kwamba amehesabu 48, na kwamba mama mkwe wake anakoroma. Mumewe naye nilimwuliza habari ya fomu. Akasema iko katika jalada lake huko Mtwara, hajaipeleka wala hajaichana. Sikumlaumu, mtu aliye mbali na mwanawe hupenda kuwa na karatasi mkononi.

Ndugu Mwenyekiti, kabla ya maswali naomba kila mwenye saa aitoe. Atazame bega la jirani yake na ahesabu pumzi zake dakika nzima, wala asimwambie ameanza lini, kwani mtu akijua anahesabiwa hubadili pumzi. Ndugu aliye karibu na mlango, tafadhali zima feni tusikie vizuri.